Komamanga la Karatasi

Mimi ni fundi wa kofia, na fundi mzuri. Sisemi kwa majivuno. Nasema kwa kuwa ni kweli, na mume wangu hasemi, basi lazima mtu aseme. Nimezaliwa Pemba, katika nyumba ambayo msichana alishikishwa sindano kabla hajajua kujisuka nywele. Hata hapa Birmingham, nilikoletwa nikiwa bibi harusi mwenye makoti mawili mwilini na bado natetemeka, sindano sijaiweka chini. Tunakaa Ladywood, ghorofa ya juu, pana mwanga mzuri, na kile kiti cha dirishani hakuna anayethubutu kukikalia isipokuwa mimi.

Lakini nina upungufu mmoja: kuchora sijui. Kwetu kazi ya kofia hugawanywa. Yupo anayechora nakshi kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, halafu sisi wenye sindano tunatoboa viua, yaani vile vitundu vidogo, na kuvizungushia uzi kimoja kimoja mpaka ile nakshi isimame. Birmingham wachoraji wa kofia hakuna, na ukinipa mimi penseli nikuchoree ua, nitakuchorea kitu ambacho hata mbuzi hatakigusa. Kwa hiyo miaka yote niliyokaa hapa nimekuwa nikiiga nakshi ya kofia moja tu ya zamani ya mume wangu. Kila Mzanzibari niliyemshonea katika mji huu anayo nakshi hiyohiyo. Siku ya Idi wakijipanga safu moja, ukiwatazama kwa nyuma utadhani ni wachezaji wa timu.

Ndipo binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alipokuja na habari zake. Yeye kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hasa kile ambacho hatutaki akisikie, lakini ukimsemesha hukujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alijitahidi. "Mama, Baba, kuna mtu nataka ku-introduce," alisema, huku anatazama zulia.

Mtu mwenyewe alikuwa kijana wa Kichina mzaliwa wa hapahapa, wanafanya kazi pamoja katika hospitali moja upande wa Edgbaston. Alikuwa ameshasilimu, tena kwa hiari yake, kabla hata hajamtia machoni binti yangu. Mimi nilikuwa na maswali ya kutosha kumaliza mchana. Mume wangu alikuwa na moja tu: "Pilipili anakula?" Kijana akasema anakula. "Basi mie sina neno," akasema mume wangu, akarudi kwenye kriketi yake.

Kijana naye alikuwa na sharti moja. Alilelewa na bibi yake mzaa baba, aliyetoka kijijini kwao kaskazini ya Uchina kuja kumlea wakati wazazi wake wakihangaika na kazi. Akatwambia kwa adabu, lakini waziwazi, kwamba siku ya ndoa yake bibi huyo lazima awepo, akae mbele, na awe radhi. Bila yeye, haoi. Nilimpenda kwa neno hilo. Sikujua kwamba litakuja kunitoa jasho.

Bibi mwenyewe, ambaye sote tulimwita Nainai kama anavyomwita mjukuu wake, anakaa Perry Barr, kwenye moja ya zile nyumba mpya. Siku ya kwanza tulipokwenda kumsalimia, kabla sijamwona yeye niliona madirisha yake. Yalikuwa yamebandikwa karatasi nyekundu zilizokatwa maua, samaki, vipepeo, bata wawiliwawili, kila moja imekatwa ndani ya karatasi moja bila kuungwa popote, na ule mwanga wetu wa Birmingham, ambao siku nyingi ni wa kijivu, ulikuwa ukipita kwenye vile vitundu na kuingia sebuleni umechangamka. Nilisahau adabu zangu zote. Nilimpita mwenye nyumba mlangoni, nikaenda moja kwa moja kuyatia pua madirisha, binti yangu ananivuta baibui kwa nyuma: "Mama! Say hello first!"

Nainai akacheka. Ni mwanamke mdogo wa umbo, nywele nyeupe kazikata fupi, na akicheka macho yanapotea kabisa. Alifungua droo, akatoa karatasi nyekundu na mkasi mdogo, akaketi, akaanza kukata palepale mbele yangu.

Hakuchora! Hilo ndilo lililonimaliza. Aliikunja karatasi mara mbili, akaingiza mkasi, na mkono wa mkasi ulikuwa umetulia. Iliyokuwa ikizunguka ni karatasi. Mkato wake mmoja ulikuwa meno ya msumeno, mwengine ulikuwa mwezi mchanga, na kwa mikato hiyo miwili aliweza kufanya manyoya ya bata, magamba ya samaki na ukingo wa jani. Vipande vidogo vilimdondokea mapajani. Alipoikunjua, palikuwa na komamanga lililopasuka, punje zake zote zinaonekana, limezungukwa na majani, na kila kitu kimeshikana na mwenzake. Ndiyo siri yenyewe, maana ukikata pasipo pake, tunda zima linabaki sakafuni.

Tulizungumza kwa simu ya kijana. Nainai anasema Kichina chake, simu inatoa Kiswahili cha mtangazaji wa taarifa ya habari. "Mheshimiwa mgeni, matunda haya yanaashiria watoto wengi," simu iliniarifu, na binti yangu akageuka mwekundu kuliko karatasi. Kisha ikatoa jambo lililonifanya niweke kikombe chini. Kijijini kwao, karatasi hizi hazikuwa za madirisha peke yake. Wanawake walizibandika juu ya kitambaa cha viatu na cha mito, halafu wakadarizi juu yake, uzi ukaifunika karatasi, na karatasi ikabaki humohumo ndani. Yaani karatasi ndiyo mchoro.

Nilitaka kusimama nimkumbatie. Miaka yote hiyo ninatafuta mchoraji, kumbe yuko Perry Barr, mwendo wa basi.

Tangu siku hiyo mimi na Nainai tukawa hatubanduki. Nilimpelekea maandazi, yeye akanipikia vile visambusa vyao vya kuchemsha, vya nyama ya kondoo, tena nyama kaifuata mwenyewe kwa mchinjaji wetu wa halali na kunionyesha risiti kabla sijauliza. Nilijifunza kukunja na kukata. Samaki wangu wa kwanza alitoka hana jicho, wa pili alitoka jicho bila samaki. Tulibishana pia, maana kubishana hakuhitaji simu. Alinikatia bata wawili wazuri ajabu akanigusa kichwa, kwamba niwatie kwenye kofia. Nikamwambia hapana, kofia hii mtu ataswalia, hawezi kusujudu na bata kichwani. Simu ilipomfikishia, alifikiri kidogo, akanisogezea komamanga. Tukakubaliana kwenye komamanga.

Siku moja alikuja Ladywood kunifundisha namna ya kuhifadhi mchoro mzuri usipotee. Unaulowesha maji, unaulaza juu ya karatasi nyeupe, halafu unaipitisha karatasi juu ya moshi wa mshumaa mpaka iwe nyeusi yote. Ukiubandua ule mchoro, umbo lake linabaki jeupe, na utaweza kulikata tena na tena. Kijijini kwao hakuna king'ora cha moto. Kwetu kipo, na kilipoanza kupiga kelele mume wangu alitoka chumbani na mswala, akaanza kukipepea huku anasoma dua. Nainai alikaa palepale na karatasi yake mkononi, haiondoi kwenye moshi, mpaka mchoro ulipoiva. Nikasema moyoni, huyu ni fundi mwenzangu.

Basi nikaamua kumshonea mjukuu wake kofia ya harusi kwa komamanga lake, na nisimwambie mtu. Nilitaka Nainai aione kazi yake na kazi yangu katika kitu kimoja, juu ya kichwa cha kijana aliyemlea. Nililaza karatasi juu ya kitambaa, nikatoboa, nikazungusha uzi, kiua baada ya kiua. Na kwa kuwa ilikuwa kofia ya ndoa, sikutumia uzi wa hudhurungi nitumiao siku zote. Nilikwenda mjini kutafuta kijani. Kwetu kijani ndiyo rangi yenyewe: rangi ya makuba ya misikiti, ya vitambaa vinavyofunika makaburi ya masharifu, ya nguo za watu wa peponi. Nilipata kijani kibichi hasa. Ile kofia, wallahi, haijapata kutoka kofia kama ile mikononi mwangu.

Niliitoa siku ya Jumapili, nyumbani kwetu, baada ya kula biriani, wiki mbili kabla ya ndoa. Kijana aliivaa palepale. Ilimkaa. Binti yangu akapiga makofi, mume wangu akasema "Mashallah", na mimi nikamgeukia Nainai kungoja sifa zangu.

Nainai alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umekauka. Alimwendea mjukuu wake, akaivua ile kofia kichwani, akaikunja mara mbili na kuitia ndani ya mkoba wake, akafunga zipu. Halafu akavaa koti lake akaelekea mlangoni. Kijana alimkimbilia na simu yake, lakini safari hii Nainai aliisukuma simu kando akatoka.

Siku ya pili akasema neno moja kumwambia mjukuu wake: hendi kwenye harusi.

Binti yangu alinipigia akiwa kazini. Kijana naye alikuwa hajui kisa. Amezaliwa hapa, mambo ya kijijini kwao anayajua kama binti yangu anavyoyajua ya Pemba. Ilibidi amuulize baba yake. "Mama," binti yangu akasema, "kwao mwanamume akivaa kofia ya kijani, it means mke wake ana-cheat. Everybody knows. Umempa kofia mbele ya familia nzima inayosema mimi nita-cheat."

Kwanza nilipandwa na hasira. Mwanangu mimi, atoke nje ya ndoa? Mwanangu niliyemlea kwa mboni za macho yangu? Nilizunguka jikoni nikisema peke yangu. Nilipomhadithia mume wangu, alinitazama, akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. "Wee mwanamke," alisema akijipangusa machozi, "umemshonea mkweo tangazo." Nikamrushia mto. Halafu nikacheka na mimi, kwa dakika moja tu, maana nilimkumbuka binti yangu na lile sharti. Kijana alikuwa ameshamwambia kwamba hawezi kusimama aoe huku aliyemlea amekaa nyumbani kwa huzuni, bora wasubiri. Wasubiri mpaka lini, hakusema. Niliogopa. Naisema kama ilivyokuwa: niliogopa kwamba nimeivunja ndoa ya mwanangu kwa sindano yangu mwenyewe.

Sikungoja mtu wa kunisindikiza wala simu ya kufasiri. Nilitia kwenye mfuko mswala wangu wa kijani, msahafu wenye jalada la kijani, na picha ya msikiti wa kwetu wenye kuba la kijani, nikapanda basi la Perry Barr. Njia nzima nilikuwa nikiipanga hotuba, na ilikuwa hotuba kali. Nilikusudia kumwonyesha rangi hiyo ni ya nani.

Nainai alifungua mlango, akaniona, akataka kuficha kitu nyuma ya mgongo. Ilikuwa kofia. Niliingia, na mezani niliona mkasi wake mdogo, miwani mbili, moja juu ya nyingine, na rundo dogo la nyuzi za kijani zilizokatwa vipandevipande. Alikuwa akizifumua. Kiua baada ya kiua, kwa ncha ya mkasi, bila kukigusa kitambaa, alikuwa ameshaufikia nusu ya ukingo.

Kuona kazi yangu inafumuliwa kuliniuma kama kuvutwa jino. Lakini niliangalia vizuri. Mwenye hasira angeitupa jaani. Nainai alikuwa akikilinda kila kitundu kisichanike, na lile komamanga la karatasi, lililokuwa chini ya uzi, alilitoa punje kwa punje na kulipanga juu ya sahani. Alikuwa hataki kuja harusini kuiona kofia ile juu ya kichwa cha mjukuu wake, na alikuwa hataki kunitia aibu kwa kuikataa. Kwa hiyo aliamua kuitengeneza, peke yake, kimyakimya. Tatizo ni kwamba kudarizi alikujua, ila kiua hakukijua. Alikuwa amejaribu kukizungushia uzi kimoja, kikatoka kimekunjamana. Alinionyesha kile kiua kwa kidole, halafu akainua mabega.

Hotuba yangu ilinitoka kichwani. Hata hivyo nilitandika mswala juu ya meza, nikaweka msahafu na picha ya msikiti, nikavigusa kimojakimoja kisha nikaweka mkono kifuani. Nainai alivitazama kwa heshima, akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Akaelekeza kidole kwangu na kuelekeza kwenye kuba: kwenu, sawa. Akaelekeza picha ya mjukuu wake ukutani, akafunika kichwa kwa viganja vyote viwili na kukunja uso: kichwani mwa huyu, hapana.

Nilivuta kiti, nikachukua mkasi mwengine, nikaanza kufumua upande wangu.

Ugomvi uliobaki ulikuwa wa rangi. Yeye alinyanyua uzi mwekundu. Nikakataa, nisimtoe kijana msikitini kama aliyevaa tarbushi. Mimi nikatoa hudhurungi yangu. Akaikunjia pua, akafumba macho kama maiti: ya mazishi. Tulipekua kopo lake la nyuzi lote mpaka tukapata moja ya rangi ya samli, yenye kung'aa kidogo, na hapo tukakubaliana. Nilikwenda Perry Barr kila siku nafasi iliponiruhusu. Nilimfundisha kiua, vyake vilikuwa vinene kidogo kuliko vyangu, na kila nilipotaka kuvirudia alinipiga mkono. Kofia ilipokamilika, kabla hatujaifunga bitana, alikata komamanga jipya dogo akalisukuma katikati ya vile vitambaa viwili. Nilimwonyesha kwa ishara za beseni na sabuni kwamba ikifuliwa itachuja wekundu. Akanionyesha kwa ishara vilevile kwamba basi isifuliwe.

Binti yangu alipomuuliza kijana, "So, anakuja?", kijana alijibu kwamba Nainai hazungumzii harusi, anazungumzia uzi. Hakuna aliyekuwa na hakika mpaka asubuhi yenyewe.

Alikuja. Alikuja mapema kuliko watu wa chakula, kavaa koti jekundu na mtandio niliomzawadia mimi, na kabla hata hajakaa alishabandika karatasi nyekundu kwenye mlango wa nyumba yetu na wa jirani, ambaye hana habari na harusi. Msikitini nilimkalisha mbele kabisa upande wa wanawake, mimi kulia kwake, binti yangu kapambwa pembeni yangu. Kupitia uwazi wa pazia tulimwona kijana amekaa kwenye zulia, kofia yake ya rangi ya samli kichwani, na wazee wawili wa Kizanzibari nyuma yake wananong'onezana huku wakiinyooshea kidole. Nilijua wanaulizana fundi wake ni nani. Nikaona raha.

Halafu akaingia sheikhe. Ni mtu mwema, mwenye elimu yake na heshima zake, na siku hiyo alikuwa kajipiga kilemba kipya, kikubwa, cha kijani kibichi.

Nikahisi vidole vya Nainai vinanikamata mkono. Nikasema basi, sasa anasimama, anachukua koti lake, na mbele ya watu wote hawa mwanangu haolewi. Sikuthubutu hata kumgeukia. Nilipomgeukia, nilimkuta anamtazama sheikhe kwa huruma ya kweli kabisa, kama unavyomtazama mtu aliyefikwa na msiba mkubwa. Akanitazama mimi. Akamtazama tena sheikhe, anavyokaa chini kwa utulivu na kilemba chake, na hakuna hata mtu mmoja anayempa pole. Kisha macho ya Nainai yakaanza kupotea.

Mungu anisamehe, nilijaribu. Nilijiuma mtandio, nilisoma niliyoyajua, nilifikiria mauti. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kutikisika, na kicheko cha kujizuia huambukiza kuliko mafua.

Toka alipozaliwa binti yangu nilikuwa nikiisubiri sauti ya mwanamume akisema amekubali kumwoa. Ilisemwa siku ile, tena kwa sauti kubwa, watu wote waliisikia. Mimi sikuisikia. Nilikuwa nimeuficha uso begani kwa Nainai, na yeye kauficha wake begani kwangu, tumeshikana tusianguke. Binti yangu alituona, akadhani tunalia, na yeye akaanza kulia.